Tunza uso kwa mpango, si kwa wingi wa krimu

Katika nyumba nyingi za mjini siku hizi, si ajabu kukuta juu ya meza ya kujipambia chupa saba au nane za kupaka usoni. Ipo ya kuondoa chunusi, ipo ya kufuta madoa, ipo ya kuzuia makunyanzi, na kando yake pana kijimashine cha betri kinachosemekana kukaza mashavu yaliyolegea. Mwenye chupa hizo huzipaka zote kwa wakati mmoja. Baada ya wiki mbili uso huanza kuwasha na kubambuka, na unapopoa hubaki na madoa meusi kuliko yale aliyokusudia kuyaondoa.

Mara nyingi kosa huwa katika matumizi. Bidhaa nyingi za siku hizi zina dawa ya kweli ndani yake, ambayo wataalamu huiita kiambato amilifu, yaani kile kinachofanya kazi hasa. Vingine vilivyomo ni maji, mafuta na manukato ya kukibeba. Kiambato cha namna hiyo kina nguvu ya kuponya na pia nguvu ya kuchoma. Ukikitumia kwa kipimo na kwa subira, kitakufaa. Ukikirundika juu ya vingine, kitakuumiza.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga utunzaji wa uso hatua kwa hatua, na mahali panapostahili kijimashine hicho ikiwa umekwisha kukinunua. Majina ya dawa yameandikwa hapa kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye kibandiko cha chupa utayakuta kwa Kiingereza, lakini hayatofautiani sana, na ukiyatamka katika duka la dawa utaeleweka.

Ijue ngozi yako

Tabaka la juu la ngozi hujiumba upya kila mara. Seli mpya huzaliwa chini, husukumwa juu polepole, kisha hufa na kupukutika. Kwa kijana, safari hiyo huchukua muda wa wiki nne hivi, na kadiri umri unavyosonga ndivyo inavyozidi kuwa ndefu. Kwa sababu hiyo, krimu halali haiwezi kufuta doa kwa siku tatu. Ile inayofanya hivyo ina jambo inaloficha, nasi tutalieleza hapo mbele.

Jambo la pili ni rangi. Weusi wa ngozi hutokana na melanini, ambayo ni kinga ya asili dhidi ya jua. Hata hivyo, seli zinazotengeneza melanini huamka upesi ngozi inapoudhiwa. Chunusi iliyokamuliwa, krimu kali au kusugua kwa nguvu huzifanya zimwage rangi nyingi mahali hapo, na doa laweza kudumu miezi kadhaa hata kama kidonda chenyewe kilipona zamani. Ndiyo maana mtu mweusi anahitaji kuwa mwangalifu zaidi na dawa hizi kuliko zinavyosema karatasi za maelezo, ambazo nyingi huandikwa kwa kuwafikiria wenye ngozi nyeupe. Uso ukichomeka leo, mwezi ujao utakuwa na doa jipya la kutibu.

Anza na msingi

Kabla ya kununua dawa yoyote, hakikisha una vitu vitatu: sabuni laini ya uso isiyo na manukato makali, mafuta au losheni ya kulainisha ngozi, na krimu ya kukinga jua. Osha uso asubuhi na jioni kwa vidole, bila dodoki wala kitambaa kigumu. Paka losheni ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Vaselini ni nzuri kwa ngozi kavu, lakini mwenye chunusi huwa afadhali atumie losheni nyepesi.

Wengi hushangaa kuambiwa kwamba mtu mweusi anahitaji krimu ya kukinga jua. Ni kweli kwamba melanini hutuepusha na kuungua kwa urahisi, lakini haitoshi kuzuia madoa kuzidi kukolea. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko karibu na ikweta na katika mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba na miale ya jua hupenya kwa nguvu zaidi, hata siku za baridi za Julai. Kule Mombasa na Malindi, mchanga mweupe huirudisha miale hiyo usoni.

Chagua krimu yenye kiwango cha kinga cha 30 au zaidi. Kiwango cha 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, iwapo imepakwa ya kutosha. Kipimo rahisi kwa uso na shingo ni michirizi miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili. Ukishinda nje, rudia kila baada ya saa mbili. Kama shida yako ni madoa, zile krimu zilizotiwa rangi ya kahawia ni bora zaidi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao nao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Vilevile hazikuachi na uso wenye majivu.

Dawa zenyewe na kazi zake

Vitamini A. Jamii hii ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Tretinoini iliidhinishwa nchini Marekani kutibu chunusi mwaka wa 1971, kufuatia kazi ya Dkt Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Baadaye ilionekana kwamba hata makunyanzi ya wagonjwa wa umri mkubwa yalipungua. Huharakisha kuzaliwa kwa seli mpya na huisaidia ngozi kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia isilegee. Tretinoini hutolewa kwa cheti cha daktari. Retinoli, inayouzwa kama kipodozi, ni ndugu yake dhaifu ambaye lazima ngozi imgeuze kwanza ndipo afanye kazi. Adapaleni iko katikati, na ni nzuri kwa chunusi. Zote hupakwa usiku, na zote hazifai kwa mwanamke mjamzito wala anayetarajia kushika mimba.

Vitamini C. Hupakwa asubuhi chini ya krimu ya jua. Hupunguza madhara ya jua na kung'arisha madoa kidogo kidogo. Chupa nyingi zinazofaa huwa na asilimia 10 hadi 20. Huharibika kwa hewa na mwanga, kwa hivyo ukiona maji yaliyokuwa meupe yamegeuka rangi ya chai, pesa zako zimekwisha na haina haja kuendelea kuyapaka.

Niasinamaidi. Hii ni vitamini B3. Ni pole, huimarisha ngozi isipoteze maji, na hupunguza madoa kwa kiasi. Asilimia 2 hadi 5 inatosha. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu ambaye hajawahi kutumia dawa yoyote ya uso.

Asidi. Asidi ya gliko na ya laktiki huyeyusha gundi inayoshikanisha seli zilizokufa. Asidi ya salisili, ya asilimia 0.5 hadi 2, huingia ndani ya vinyweleo na kuvizibua, kwa hivyo humfaa mwenye ngozi ya mafuta. Wataalamu wa usalama wa vipodozi nchini Marekani walipendekeza kwamba asidi ya gliko katika bidhaa za kutumia nyumbani isizidi asilimia 10. Ukiona chupa ya asilimia 30 au 50 ikiuzwa mtaani, hiyo ni ya kutumiwa na daktari mbele ya saa, wala si ya kupaka na kulala.

Asidi ya azelaiki. Haitajwi sana, lakini inawafaa wengi wetu kwa sababu hutibu chunusi na madoa yanayoachwa nayo kwa wakati mmoja. Aidha ni miongoni mwa dawa chache ambazo madaktari huziruhusu wakati wa ujauzito.

Benzoili peroksaidi. Huua bakteria wa chunusi. Anza na ya asilimia 2.5, kwani ile ya asilimia 10 hukausha zaidi pasipo kuponya zaidi. Jihadhari, hufifisha rangi ya taulo na foronya.

Mpango wa wiki kumi na mbili

Huhitaji dawa zote hizo. Jiulize kwanza shida yako kuu ni ipi, kisha chagua moja inayoilenga. Mwenye chunusi aweza kuanza na adapaleni au asidi ya salisili. Mwenye madoa, asidi ya azelaiki au niasinamaidi. Mwenye wasiwasi wa makunyanzi, retinoli.

Wiki ya kwanza na ya pili, tumia msingi peke yake. Acha vingine vyote ulivyokuwa ukivitumia, ili uione ngozi yako ilivyo. Katika siku hizo, jaribu dawa mpya kwa kupaka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa mfululizo. Pakiwasha au kuvimba, usiipeleke usoni.

Wiki ya tatu na ya nne, paka dawa hiyo usoni usiku mara mbili kwa wiki. Ikiwa ni ya jamii ya vitamini A, kiasi cha punje moja ya njegere chatosha uso mzima. Subiri ngozi ikauke kabisa baada ya kunawa ndipo upake, kisha ongeza losheni juu yake. Mwenye ngozi nyepesi kuudhika aweza kutanguliza losheni chini na nyingine juu.

Wiki ya tano hadi ya nane, ongeza hadi kila baada ya siku moja ikiwa uso umetulia. Kubambuka kidogo ni jambo la kawaida. Kuchoma, kuvimba au wekundu usiokwisha ni ishara ya kupumzika siku tano na kurudi hatua moja nyuma. Watumiaji wa vitamini A huweza kuona chunusi zikiongezeka mwanzoni kabla ya kupungua.

Wiki ya tisa hadi ya kumi na mbili, ndipo unapoweza kuongeza dawa ya pili, na iwe ya asubuhi, kama vitamini C au niasinamaidi. Usichanganye asidi na retinoli usiku mmoja. Ikiwa lazima utumie zote mbili, zipe siku tofauti. Mwisho wa wiki hizo, linganisha picha mbili zilizopigwa mahali pamoja na mwanga mmoja, ya kwanza na ya mwisho. Kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko ya polepole.

Vijimashine vya kukaza uso

Sasa tuje kwenye vifaa vinavyotangazwa sana, ambavyo huuzwa kwa maelfu ya shilingi. Vile vya umeme mdogo hupitisha usoni mkondo hafifu mno, ambao wengi hata hawausikii. Hupakwa jeli maalumu ya kupitisha umeme, kisha kifaa huvutwa kutoka kidevuni kwenda juu kwa dakika kadhaa. Wenye kuviuza husema kwamba huifanyisha misuli mazoezi. Uchunguzi uliofanywa kuhusu vifaa hivi ni mchache na umehusisha watu wachache, na uso unaoonekana kuinuka baada ya kuvitumia hurudi ulivyokuwa mtu anapoacha. Haviondoi madoa, haviponyi chunusi, wala haviwezi kurudisha kolajeni iliyoharibiwa na jua la miaka ishirini.

Ukiona tangazo kwamba kifaa kimeruhusiwa na idara ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, elewa maana yake. Vifaa vingi vya aina hii hupata ruhusa kwa kuonyeshwa kwamba vinafanana na vingine vilivyokwisha kuwa sokoni. Ruhusa hiyo haimaanishi kwamba kitakupa sura iliyo kwenye picha ya tangazo.

Usitumie kifaa cha umeme ikiwa una mashine ya kuendesha moyo mwilini, una kifafa, una mimba au unatibiwa saratani, mpaka daktari akuruhusu. Usikipitishe juu ya chunusi zilizoiva, vidonda wala ngozi iliyobambuka kwa retinoli au asidi.

Vifaa vya mwanga ni jamii nyingine. Mwanga mwekundu una ushahidi kiasi wa kusaidia makunyanzi madogo, na wa buluu husaidia chunusi, lakini huu wa buluu waweza pia kuchochea rangi kwenye ngozi nyeusi na kukuongezea madoa. Macho nayo yalindwe. Mnamo Julai 2019, barakoa ya mwanga ya Neutrogena ya kutibu chunusi iliondolewa sokoni kwa hofu ya kudhuru macho ya watu wenye maradhi fulani ya jicho au wanaotumia dawa zinazoyafanya yaathiriwe upesi na mwanga.

Kibaya zaidi ni kile kijigurudumu chenye sindano ndogo ndogo. Mikononi mwa mtaalamu kina kazi yake. Nyumbani, kikitumiwa na dada wawili au marafiki, chaweza kusambaza virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi. Na kwa mtu ambaye makovu yake huvimba na kuwa makubwa, kila tundu ni hatari.

Kama unataka kuimarisha misuli ya uso bila gharama, yapo mazoezi ya mikono na midomo. Katika uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2018, wanawake wa miaka 40 hadi 65 walifanya mazoezi ya uso kwa wiki 20, kwanza nusu saa kila siku, kisha kila baada ya siku moja. Madaktari walipoangalia picha zao, walikadiria kwamba wastani wa umri wa sura ulishuka kutoka miaka 50.8 hadi 48.1. Hata hivyo, waliomaliza walikuwa 16 tu, na hapakuwa na kundi la kulinganishia. Faida ni ndogo, lakini angalau haikugharimu chochote.

Hatari iliyofichwa ndani ya kopo

Tulisema kwamba krimu inayofuta doa kwa siku tatu ina jambo inaloficha. Mara nyingi jambo hilo ni zebaki, hidrokwinoni au steroidi kali kama klobetasoli.

Somo la zebaki lilipatikana hapa hapa kwetu. Mwaka wa 1972, madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za wagonjwa 60 wa figo waliotibiwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Zaidi ya nusu yao, watu 32, walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Zebaki hupenya ngozi, huingia katika damu na kuharibu figo. Ishara zake ni kuvimba miguu na uso na mkojo kuwa na povu jingi. Haimdhuru anayejipaka peke yake, kwani mtoto anayebebwa na kulala naye huipata kwenye mikono, shuka na taulo. Mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata yalikubaliana mwaka wa 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo 2025, lakini kukubaliana si sawa na kukoma, na makopo hayo bado huvuka mipaka.

Steroidi nazo huufanya uso upendeze kwa wiki chache, kisha ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na chunusi hutoka kwa wingi. Mtu akiacha, uso hulipuka, naye hurudia krimu ile ile akidhani ndiyo tiba. Ikiwa umejikuta katika hali hiyo, usipambane nayo peke yako. Nenda kwa daktari ukiwa na kopo lenyewe mkononi, naye atakuachisha kwa utaratibu.

Unaponunua, tazama alama ya ubora ya shirika la KEBS, jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya mwisho ya kutumia. Kopo lisilo na orodha ya viambato usilinunue, hata kama muuzaji ni jirani yako. Krimu inayopimwa kutoka kwenye ndoo na kutiwa katika kikopo kitupu, achana nayo kabisa.

Wakati wa kumwona daktari

Mwone daktari wa ngozi ikiwa chunusi zako ni kubwa, zinauma na kuacha mashimo. Ikiwa doa linabadilika umbo, linatoa damu au haliponi. Au ikiwa wiki kumi na mbili za mpango huu hazikuleta tofauti yoyote. Ada ya kumwona mara moja huenda ikawa ndogo kuliko bei ya chupa zote zilizo juu ya meza yako.

Kama fedha zako hazitoshi vyote, panga hivi: krimu ya jua kwanza, losheni ya pili, dawa moja ya tatu, na kijimashine kiwe cha mwisho au kisiwepo kabisa. Mwenda pole hajikwai. Ngozi uliyo nayo imekuwa ikikulinda tangu siku uliyozaliwa, nayo haidai mengi.